Mwiko wa Miska

Ukitaka kuona Waswahili wa Edmonton ya London wakikubaliana jambo moja, nenda kwenye sherehe yao yoyote, ya ndoa au ya kipaimara, ukae karibu na meza ya sambusa, halafu utaje jina la Miska. Watakubaliana palepale kwamba yule mtoto ana maringo.

"Kiswahili anakisikia chote," atakuambia Mama Njenga, jirani yao wa ghorofa ya chini, Mkenya mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. "Ukimsengenya anageuza shingo. Sasa mwongeleshe uone! Kizungu kitupu. Hata shikamoo hatoi. Anapiga magoti, eti, halafu anakwambia gud aftanuni."

Na kweli alikuwa akipiga magoti. Msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, amesuka rasta, suruali imechanwa magotini kwa makusudi kama wanavyovaa wenzake, anashuka hadi kwenye zulia la ukumbi wa kukodi mbele ya watu wazima kama mabinti wa Bukoba walivyofundwa zamani. Watu walicheka. Wengine waliona anawakejeli. Mama yake, Kokugonza, ambaye wote wanamwita Koku, alikuwa anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba mpaka kicheko kiishe.

Basi ngoja niwaambie, maana nimechoka kusikia upuuzi. Yule mtoto hakuwa na maringo hata chembe. Alikuwa na mwiko, wala si mwiko wa kusongea ugali. Alikatazwa kusema lugha ya mama yake, na siku atakayoisema mama yake anakufa. Ungekuwa wewe, ungetoa shikamoo?

Na jambo moja tuelewane mapema. Maneno ya Miska nitayaweka kwa Kiswahili ili twende sawa, lakini yote yalimtoka kwa Kiingereza mpaka hapo nitakaposema vingine. Sitaki mtu anishike shati baadaye.

Koku alikuja London kwa ndoa. Mume alikuwa mtu wa Tanga, akampa binti jina la mama yake mwenyewe, Miska, halafu akahamia Birmingham kwa mke mwingine, na akae hukohuko. Koku akabaki na mtoto, na kazi ya kea: kuzunguka kwa basi nyumba hadi nyumba, kuwaogesha wazee, kuwavalisha, kuwapa dawa na chai, mpaka jioni miguu imevimba. Kazini alivaa blauzi ya zambarau yenye zipu mbele na saa ndogo iliyobanwa kifuani. Blauzi hiyo ishikeni kichwani.

Kiangazi kimoja shule zilifungwa na hapakuwa na wa kumwachia mtoto. Kumbeba kazini kulikuwa marufuku, lakini mwenye shida hana aibu, akambeba. "Utulie kama maji ya mtungi," alimwonya kila asubuhi. Miska wakati huo alikuwa na miaka sita, na Kiswahili kilimtoka kama cherehani. Kutulia hakukujua.

Mzee wa mwisho katika mzunguko wa Koku alikuwa Bibi Nuala, ajuza wa magharibi ya Ayalandi, miaka themanini na tisa, aliyekuja London akiwa binti na kufanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali maisha yake yote. Hakuwa na mume wala mtoto. Lugha yake ya kwao, Kiairishi, alikuwa anaizungumza na redio iliyozimwa. Nyuma ya nyumba yake kinapita kijito cha Pymmes, kile kilichojengewa zege pande zote, ambacho watu wanakitupia makopo na hata matroli ya supamaketi.

Siku hiyo Koku alikuwa anasugua bafu. Miska alitoka uani, akabana uso kwenye vyuma vya uzio ili atazame maji. Chini, katikati ya kijito, alisimama mwanamke amefunga sketi kiunoni, anafua. Alikuwa anafua kwa nguvu, anapiga nguo kwenye zege, anaichovya, anaikamua, na kila akikamua maji yalikuwa mekundu, na wekundu hauishi. Nguo yenyewe ilikuwa blauzi ya zambarau, na saa ndogo ya kifuani inaning'inia. Mtoto akaitambua. Akatazama pia miguu ya yule mama ndani ya maji.

Akarudi mbio. "Bibi, kuna mtu anafua blauzi ya mama mtoni, na damu haitoki."

Mtu mwingine angesema mtoto anaota mchana. Bibi Nuala hakusema hivyo. Aliweka kikombe chini polepole. "Miguu yake umeiona?"

"Kama ya bata."

Ajuza huyo hakuwa amevuka kizingiti kwa miaka miwili. Alinyanyuka, akashika fremu yake ya kutembelea, akaikokota mpaka kwenye uzio, akaanza kufoka kwa Kiairishi. Yule wa majini akajibu. Walirushiana maneno kama wanawake wanaogombea zamu bombani. Mwisho Bibi Nuala aligeuka, uso umemlegea, akamwinamia mtoto.

"Yule ni mfuaji," alisema. "Kwetu kila mtu anamjua. Akifua nguo yako, wiki haiishi unazikwa. Nimembembeleza amwache mama yako. Amekubali, lakini haondoki mikono mitupu. Yeye anakula lugha. Yangu alishaimaliza, sasa hana wa kuzungumza naye zaidi yangu, wala mimi sina zaidi yake. Sikiliza vizuri, mtoto. Lugha ya mama yako isikae kinywani mwako maadamu mama yu hai. Ukiitoa, ile blauzi inarudi mtoni. Na mama yako usimwambie, wala mtu mwingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ambayo hutakuwa na wa kumsemesha."

Jioni nyumbani Koku aliita, "Miska, njoo ule!" Miska akajibu kwa Kiingereza. Na tangu siku hiyo ikawa hivyo.

Jamani, mtoto wa miaka sita akiambiwa lugha ya mama yako, ataelewa nini? Ataelewa ile anayoitiwa chakula. Ipo lugha nyingine iliyosikika mle ndani, Kihaya, Jumapili tu, Koku akizungumza na kaka yake Evodius wa Leeds kwa simu. Koku hakuwahi kumfundisha binti hata neno. Baba wa mtoto alikuwa haijui, wakazoea Kiswahili nyumbani. Miska aliiita lugha ya simu. Wala haikumpitia akilini kwamba inamhusu.

Bibi Nuala akafariki majira ya baridi ya mwaka uleule. Hakubaki mtu wa kuulizwa.

Tangu hapo hata ule utulivu kidogo aliokuwa nao ulimhama kabisa. Ripoti za shule zilikuja na neno moja kila mwaka, kwamba Miska hatulii kitini. Atatuliaje? Alikuwa anaamka kabla ya mama yake, anakwenda kwenye msumari nyuma ya mlango kugusa blauzi, kama ni kavu anarudi kulala. Kuifua aliifua mwenyewe kwa mikono, kwenye beseni, na hakuruhusu ipelekwe dobi hata ile wiki iliyoharibika mashine yao. Koku alikuwa akiwaambia watu, "Mwanangu haongei na mimi, lakini blauzi yangu anaipenda!" na wote wanacheka, naye anacheka, na Miska anatazama dirishani.

Alikuwa anatembea sana. Akitoka shule anapita Fore Street yote, anazunguka soko la Edmonton Green, anasimama darajani kutazama kijito, anarudi, anakwenda tena. Marafiki walimwita aende sinema, akatoka katikati ya picha. Mwenzake mmoja, Amisha, alimuuliza kama ana mpenzi wa siri. Miska akasema afadhali angekuwa naye.

Lililomuuma kuliko yote ni bibi wa Bukoba, mama yake Koku. Kila Krismasi alipiga simu. "Mpe mjukuu wangu aniamkie. Shikamoo tu, basi, nami nilale vizuri." Koku anambandika Miska simu sikioni, na Miska anasikia pumzi za bibi, na jogoo huko nyuma. Anasema halo. Bibi anasubiri. Mwisho bibi anacheka kidogo, "Haya, Mungu akukuze," na Koku anachukua simu bila kumtazama mtoto machoni. Miska alipokuwa na miaka kumi na tatu bibi akafariki, na hiyo shikamoo hakuipata. Koku alilia siku tatu. Siku ya nne, anakoroga ndizi jikoni, alimgeukia binti na kumwambia, "Ungekufa kama ungemwamkia?" Miska alikwenda nyuma ya mlango akaigusa blauzi.

Maktaba ndiyo iliyomfunulia kidogo. Alisoma hadithi za kale za Waairishi mpaka mkutubi akamjua kwa jina. Humo alimkuta mfuaji wake, na alikuta kwamba mashujaa wa kule walikuwa wanawekewa makatazo kama lake. Mmoja alikatazwa kula nyama ya mbwa, akakatazwa pia kukataa chakula cha mwenyeji, mpaka vikongwe wakamkaribisha njiani, na nyama wanayochoma ni mbwa. Alisoma pia kwamba ukiwahi kusimama kati ya mfuaji na maji, hawezi kukukimbia, na atajibu maswali yako matatu bila uongo. Siku moja akachukua kamusi ya mama yake kutafuta Waswahili wanaliitaje katazo la namna hiyo. Akakuta mwiko. Kwanza, kijiko kikubwa cha mti. Pili, jambo lisilotakiwa kufanywa. Akacheka peke yake kitandani, maana tangu azaliwe alikuwa anatishiwa kwa ule wa kwanza na kumbe anaishi na wa pili.

Tufike Juni ya mwaka huu. Miska yumo katikati ya mitihani ya kumaliza sekondari, na Koku anatimiza miaka hamsini. Mjomba Evodius akaja kutoka Leeds na mkungu wa ndizi na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, waliotumwa kutoka nyumbani, akaketi jikoni na mpwa wake kumenya. Ni mtu wa mizaha. "Wewe mtoto unapiga magoti vizuri kuliko binti zangu, ila unapiga magoti bubu. Mama yako akiwa mdogo alikuwa anapiga magoti mbele ya bibi yako na kusema, Mae!"

Kisu cha Miska kikasimama. "Mjomba, hicho ni Kiswahili?"

"Kiswahili wapi! Hicho ni Kihaya. Mae, ndiyo mama."

Ee bwana we, moyo ulimruka. Aliona mlango umeachwa wazi miaka kumi na yeye anahangaika na dirisha. Amekatazwa Kiswahili. Kihaya nani amekitaja? Angeweza kumwita mama yake kwa neno lake zuri, na mwiko usiguswe! Akamsihi mjomba amwongezee, na mjomba akampa maneno mengine matatu ya kumtakia mtu uzima. Miska aliyarudia chini chini jioni nzima, anazunguka kati ya jiko na sebule, mpaka Mama Njenga akamwambia akae chini, anamtia kizunguzungu.

Walipokata keki Miska alikwenda mbele ya mama yake, akapiga magoti kama kawaida, watu wakaanza kucheka kama kawaida.

"Mae," akasema. Na yale matatu akayafuatisha.

Koku alikuwa ameshika sahani, akamkabidhi mtu wa kwanza aliyekuwa jirani. Alishuka chini na yeye, mwanamke mzima na gauni lake la kushonesha, akamkumbatia binti palepale kwenye zulia, akalia kwa sauti. Evodius akapiga kigelegele cha kiume. Mama Njenga akafuta macho kwa kitambaa cha meza. "Kumbe mdomo upo!" akasema.

Miska alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu akiwa mtoto. Asubuhi ya Jumapili hakwenda kugusa blauzi.

Jumatatu Koku alirudi kazini akisema amechoka. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, anajichoma sindano zake, si jambo la kushtua. Jumanne akasema ni joto. Jumatano alisahau jina la mzee anayemwogesha kila siku, akalifanya kichekesho. Miska hakucheka. Usiku aliipapasa blauzi kwenye msumari, na upindo ulikuwa na unyevu. Alijidanganya kwamba ni jasho.

Alhamisi alitoka kwenye mtihani wa hesabu saa tisa alasiri, miguu ikampeleka darajani yenyewe. Jua linawaka, watu wamekaa nje na barafu za kulamba. Chini ya daraja, mwanamke amefunga sketi kiunoni anapiga nguo kwenye zege. Zambarau. Na maji mekundu yanashuka kuelekea kwenye troli.

Miska hakupiga kelele. Alipanda uzio, suruali ikachanika safari hii bila makusudi, akarukia kijitoni na viatu vya shule, akajitumbukiza katikati ya mfuaji na maji, akadaka mkono mmoja wa blauzi. Maji yalimfika magotini, baridi ya kuuma mifupa katika Juni ile. Kule juu watu waliendelea kulamba barafu zao.

"Nimekuwahi," akasema. "Maswali matatu."

Mfuaji alimtazama. Uso wake ulikuwa wa mwanamke wa kawaida kabisa, wa kukutana naye kwenye foleni ya posta. "Uliza."

"Hii ni ya nani?"

"Ya Kokugonza. Umepoteza moja kwa jambo unalolijua."

Miska akaivuta blauzi kwa hasira. "Kwa nini? Nimeutunza mwiko wako miaka kumi! Bibi yangu amekufa ananisubiri! Sijasema Kiswahili hata neno moja, hata usingizini, kwa nini umerudi?"

"Kiswahili?" Mfuaji alionekana kushangaa kweli. "Nani alikidai Kiswahili? Hicho mama yako alikutana nacho shuleni, umri uleule uliokuwa nao wewe siku ile. Ungekisema kutwa kucha, kisingenihusu. Mimi nilichukua lugha ya mama yako. Ile aliyopokelewa nayo alipozaliwa, aliyoitiwa na mama yake, aliyolia nayo siku anakuzaa wewe. Na Jumamosi umenitolea maneno manne."

Hapo Miska alielewa yote, na afadhali asingeelewa. Shikamoo zote zile zilikuwa halali. Bibi alisubiri bure kwenye simu, Krismasi baada ya Krismasi, kwa kosa la mtoto wa miaka sita ambalo hakuna mtu mzima aliyelisahihisha. Swali likamjia mdomoni, la bibi, kama alikufa na kinyongo. Alilisikia linapanda.

"Limebaki moja," mfuaji akasema. "Ulifikirie."

Akalimeza. Nadhani hakuna kitu kigumu alichowahi kumeza kama kile. "Nifanye nini apone?"

"Uape. Hayo maneno manne, na yote yanayokwenda nayo, hutayatoa tena akiwa hai. Sikusahaulishi, utayajua, na utayanyamazia. Hata akiomba."

Akaapa, na aliapa kwa Kiswahili. "Sitasema tena," Miska alisema. "Naapa kwa jina la bibi yangu, sitasema." Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili baada ya miaka kumi, yakamtoka na lafudhi ya mtoto wa miaka sita.

Mfuaji aliikamua blauzi mara moja. Maji yalitoka meupe. Akamwachia.

Miska alikimbia Fore Street yote amelowa, blauzi kifuani, watu wanampisha. Mlango wa nyumbani ulikuwa haujafungwa. Koku, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alikuwa jikoni sakafuni, ameegemea kabati, jasho linamtiririka, macho wazi lakini hayaoni. Mwiko ulikuwa umeangukia kando yake na sufuria inaungua. Miska alizima jiko, akapiga simu ya ambulensi, na yule wa kwenye simu akamwambia sukari imeshuka, kama anaweza kumeza mpe kitu kitamu upesi, wanakuja. Akachanganya sukari na juisi kwenye kikombe, akamsogezea mdomoni.

Koku alimpiga kikombe pembeni. Miska akachanganya tena. "Mum, please," akasema, na Koku akabana meno na kugeuza uso. Kiingereza kilikuwa kimemtoka kichwani.

"Mama, kunywa," Miska akasema kwa Kiswahili. "Mama, nakuomba. Ni mimi. Kunywa, mama yangu."

Hata hicho hakikumfikia. Koku alikuwa mbali zaidi, alikokuwa kabla ya shule, kabla ya London na mume wa Tanga. "Mae!" aliita, sauti ya kitoto. "Mae!" Alikuwa anamwita mama yake, na alikuwa anamtazama Miska usoni kabisa, anangoja aitikiwe.

Maneno manne yalikuwa pale kwenye ulimi. Angeyasema, Koku angekunywa, hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Angekunywa, na blauzi ingerudi mtoni. Miska alijiuma mdomo mpaka akaonja damu.

Kisha akapiga magoti. Hakujua atafanya nini kingine, na hiyo ndiyo salamu aliyoizoea miaka yote. Alipiga magoti kwenye juisi iliyomwagika, akainamisha kichwa, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kukinyanyua mbele ya mama yake, kimya, kama binti wa Kihaya anavyompa mkubwa wake.

Koku aliacha kuita. Alimtazama yule binti aliyeinama. Polepole akapokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akanywa mpaka mwisho.

Dakika zikapita. Macho yakaanza kurudi. Akaona jiko, akaona sufuria iliyoungua, akaona mtoto wake amelowa kuanzia kiunoni.

"Miska. Nani alikuwa anasema Kiswahili humu ndani?"

"Ni mimi, mama." Na kwa kuwa tayari alikuwa amepiga magoti, akaongeza, "Shikamoo."

Koku alimshika uso kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema. "Marahaba, marahaba, marahaba," kama mtu anayelipa na zile za bibi. Halafu akaanza kucheka, Miska naye akacheka huku analia, na watu wa ambulensi waliingia wakawakuta hivyo, wamekaa sakafuni kwenye juisi. Wakauliza nani mgonjwa.

Walimpima, wakamwambia anaendelea vizuri, akae nao kidogo waone. Koku alikuwa kwenye kiti, mashine mkononi, hataki kuuachia mkono wa binti yake. Alimuuliza hiki na kile ili tu amsikie akijibu. Kinaitwaje hiki? Mwiko. Na kile? Sufuria. Miska alijibu yote, na kila neno lilikuwa linamfurahisha na kumchoma, maana lilikuwa halali siku zote.

"Sasa niambie na lile jingine," Koku akasema. "Lile la Jumamosi. Niite tena hivyo, mara moja tu, nilisikie nikiwa na akili zangu."

Miska aliinuka. Akachukua blauzi ya zambarau iliyolowa, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akainyoosha mikono, akaipangusa pale ambapo hapakuwa na uchafu.

"Nimelisahau, mama."

"Umelisahau? Neno dogo vile?" Koku alisikitika, kisha akatabasamu. "Si kitu. Nitakufundisha mwenyewe. Nitakufundisha yote, Kihaya chote, nilikosea kukunyima."

"Siku nyingine, mama."

"Siku gani?"

Na Miska, aliyekuwa anajua siku yenyewe, alisimama pale ameipa blauzi uso, asijibu kwa lugha yoyote.